Mkanda wa Saba

Hallonbergen, 14 Januari 2007

Mpendwa Baba mdogo Sixte,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Shangazi Adelina na wote wa hapo Mulongwe. Sisi huku tu wazima. Eve ametimiza miaka tisa. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, lakini akitumwa anakwenda, kwa hiyo najua anasikia. Binamu yangu Josiane, binti wa Shangazi, anakusalimu kutoka Hagsätra. Amefaulu mtihani wa kuendesha basi. Jumapili alisimama kanisani kutoa shukrani, akasema kama asemavyo siku zote kwamba baba yake alikufa akiezeka nyumba ya Mungu, na ndiyo sababu Mungu hakumwacha yatima aliyezaliwa baada ya msiba.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapo ni ya Shangazi, naye huiweka sauti ya juu nyumba nzima ikasikia. Neno hili nataka ulisikie wewe kwanza.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi yuko bibi wa miaka themanini na minane. Kiswidi kimemtoka kichwani, amebaki na Kiswahili, tena cha kwetu Uvira kabisa. Wenzangu walidhani anaweweseka, wakaniita. Baba mdogo, ni mjane wa Misionari Thomas! Nilipomtajia jina la baba yangu alinishika mikono yote miwili, akaanza kucheka. Mwanawe aliponiona naelewana na mama yake aliniletea sanduku kutoka ghalani kwao. Ndani mna mikanda saba ya filamu. Onyango, Mkenya tunayesali naye, anafanya kazi ya mitambo huko Kista, na vyombo vya namna hiyo anavijua. Amenihamishia sita kwenye diski. Wa saba umekatika, bado anaunga.

Niliketi na Eve tukatazama. Nani namwona? Baba! Baba Urbain, aliyetuambia kucheka mezani kunafukuza malaika, amevaa suti nyeupe, amejaza mto tumboni, anaitwa Bwana Najua. Anawafundisha watu kuchemsha maji na sufuria inamlipukia. Na nyuma yake wewe, mtumishi wake, unapigwa ubao, unamwagiwa unga, unatumbukia shimoni. Eve alicheka mpaka akashuka kitini.

Mbona hamkutuambia kamwe? Na yule wa tatu, mrefu, anayebeba ngazi, ni Gédéon baba yake Josiane? Uso wake kila mara una masizi, au amegeuka. Nijibu. Barua hii anakuletea mchuuzi Heshima, anayekwenda Bujumbura kununua vitenge na kurudi.

Binti yako,
Célestine

Uvira, 3 Machi 2007

Mwanangu Célestine,

Heshima amefika, barua nimeipata. Tumefurahi kusikia mko wazima. Hapa mvua imebomoa ukuta wa choo, tumeujenga upya. Shangazi yako miguu inamvimba, lakini bado anapika mwenyewe, hataki msichana. Mimi nakula kwake kama unavyojua, mwaka wa thelathini na tatu sasa, na sijawahi kulala na njaa.

Filamu hizo zilikuwa mambo ya ujana. Misionari alikuwa na kamera, aliona watu hawasikilizi mahubiri ya choo na maji safi, akasema wacheke ndipo watakumbuka. Tulicheza miaka minne. Baba yako ndiye aliyekuwa mkubwa wa mchezo, sisi wengine tulikuwa wa kupigwa. Huyo mrefu ndiye Gédéon, shemeji yangu. Hakuna zaidi.

Ile sita, mwonyeshe umtakaye. Wa saba uache. Ikiwa umekatika, uache ukatike. Mwambie huyo Onyango asijisumbue. Na Josiane usimguse na habari hizi. Ana kazi mpya, aishike vizuri.

Ukimaliza kusoma, choma karatasi hii.

Baba yako mdogo,
Sixte

Hallonbergen, 25 Machi 2007

Mpendwa Baba mdogo,

Salamu za nyumbani. Pole kwa ukuta. Mwambie Shangazi nimemtafutia soksi za kubana miguu, Heshima anazileta pamoja na barua hii. Eve aliumwa masikio, sasa amepona.

Sikuchoma barua yako. Na umechelewa: Onyango alikuwa amekwisha kuunga mkanda wa saba kabla Heshima hajarudi. Nimeutazama. Nilimtuma Eve kwa jirani, nikafunga mlango, nikautazama peke yangu.

Unaanza vizuri. Gédéon anaingia, na kwa mara ya kwanza uso wake ni safi, hauna unga wala masizi. Baba mdogo, ni Josiane mtupu! Kipaji cha uso kile kile, na ile namna ya kuinua nyusi za upande mmoja. Anapanda ngazi kwenda kwenye tangi la maji, anayumba, anajifanya kuogopa, watu kwenye ua wanacheka. Sauti haipo lakini vinywa vyao naviona. Halafu upande wa kushoto unaingia mguu. Mguu tu, suruali nyeupe, kiatu cheupe. Unaipiga ngazi teke. Gédéon anashika ukingo wa tangi kwa mkono mmoja, anauachia. Chini wapo watu wawili wanaburuta magunia. Hawajafika. Kamera inaendelea kidogo, watu bado wanacheka, halafu mmoja wao anaacha, halafu giza.

Hakuna paa lolote la kanisa pale. Kwa nini Josiane anatoa ushuhuda wa paa?

Nilimwuliza bibi kwa upole, nikamwambia nimeona Gédéon na ngazi. Alianza kulia. Akasema, "Nilisema bado. Mimi nilisema bado." Akairudia asubuhi nzima, mpaka nesi akaja kuniuliza mama huyu anaumwa wapi.

Na jambo jingine, lazima ulijue. Eve hana siri. Kanisani alimwambia Josiane kwamba babu zake ni wachekeshaji wa sinema. Josiane alinifuata mbio: "Célestine, baba yangu yumo? Anaonekana?" Unajua kwamba hana picha yake hata moja. Nikasema ndiyo, yumo. Sikuweza kusema uongo. Amekwisha kuzungumza na mchungaji. Wamekodi ukumbi huko Hagsätra, tarehe 30 Juni, Wakongo wote wataalikwa, na Wakenya, kuona filamu za Uvira. Katika ile sita uso wa baba yake haupo. Uko katika wa saba peke yake.

Baba yangu ndiye aliyevaa suti nyeupe. Nakuuliza wewe kwa kuwa yeye hayupo: mguu ule ni wa nani?

Célestine

Uvira, 6 Mei 2007

Mwanangu,

Tumepokea soksi, Shangazi yako anashukuru, amezivaa hadi kanisani. Mihogo imetoka vizuri. Mtoto wa shemasi Sébastien ameoa.

Umeuliza, na umeona kwa macho yako. Suti ni ya baba yako. Basi ni yeye. Haikuwa kusudi, mchezo ulikwenda vibaya. Walipatana na Misionari waseme paa, kwa sababu ya serikali ya wakati ule. Sasa Misionari amekufa, baba yako amekufa, waache wafu walale. Kwa Josiane sema mkanda umeungua.

Usiniulize tena. Shangazi yako ameanza kushangaa kwa nini Heshima ananitafuta mimi.

Sixte

Hallonbergen, 28 Mei 2007

Baba mdogo,

Nakusalimu. Tu wazima wa mwili.

Tangu nipate barua yako sijalala vizuri. Picha ya baba niliyokuwa nimeitundika sebuleni nimeiondoa ukutani. Eve aliuliza kwa nini, nikasema kioo kimepasuka. Nimekumbuka alivyokuwa: hakuwahi kupanda hata stuli, akiona mtoto juu ya kitu anapiga kelele, akituona tunacheka anatoka nje. Nilimdhani mkali tu. Sasa najiambia, kumbe ulikuwa mzigo huu. Nimeanza kumchukia mtu aliyenilipia shule kwa kushona viatu.

Nimeamua kumwambia Josiane kabla ya tarehe 30. Tumekua kama dada, tulikimbia vita pamoja, tulilala hema moja Tanzania. Siwezi kukaa naye ukumbini akimsubiri baba yake aonekane, huku mimi najua. Nitamwambia: baba yangu alimwua baba yako. Halafu atafanya anavyoona.

Lakini kuna jambo linanizuia. Jumatatu bibi alikuwa na akili timamu. Alikunywa kahawa, akaniuliza jina langu, akalishika. Nikamwuliza tena, taratibu, "Mama, siku ile ya ngazi, Urbain alikuwa amesimama wapi?" Akanitazama kama mtu anayesahihisha mtoto. "Urbain alikuwa mgonjwa," akasema. "Urbain alikuwa kitandani na homa, mimi mwenyewe nilimpelekea uji."

Bibi huyu leo anajua, kesho hajui. Sitaki kumpa mtu hatia kwa neno lake. Kwa hiyo nakuuliza wewe, mara hii na si nyingine. Alikuwa mgonjwa au hakuwa mgonjwa?

Heshima anaondoka kesho. Atakuwa amerudi kabla ya tarehe 30. Nitasubiri jibu mpaka siku hiyo asubuhi.

Célestine

Uvira, 24 Juni 2007

Mwanangu Célestine,

Mara hii sina salamu. Heshima yuko Bujumbura, amelazwa na malaria. Sijui barua hii itakufikia lini. Ningetaka ifike kabla ya tarehe 30. Naandikia kwa shemasi Sébastien, si nyumbani.

Alikuwa mgonjwa.

Homa ilimshika baba yako siku mbili. Misionari alikuwa amebakiwa na filamu kidogo na tangi lilikuwa la kupakwa rangi kesho yake, hakutaka kungoja. Akasema, katika kipande hiki Bwana Najua haonekani uso, ni mguu tu. Sixte, vaa suti ya kaka yako.

Lazima uelewe jinsi ilivyokuwa. Miaka minne nilimwagiwa unga. Watu walimshangilia Urbain sokoni, walimpa ndizi bure. Mimi walinijua kwa kisogo. Gédéon naye alikuwa kama mimi, lakini siku hiyo Misionari alimwosha uso, akampa ngazi peke yake, na alipoanza kuyumba kule juu ua mzima ulilia kwa kicheko. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ndani ya suti nyeupe, nangoja kupewa ishara. Magunia ya pumba, ambayo Gédéon angeangukia, yalikuwa bado yanaburutwa. Mke wa Misionari ndiye aliyesimamia magunia. Alipaza sauti, "Bado!"

Nilisikia, Célestine. Miaka yote hii nimejaribu kujiambia kwamba kelele zilikuwa nyingi. Nilisikia. Lakini niliona kicheko kinaanza kupungua, nikaogopa kitakwisha kabla sijapata changu. Nikapiga.

Alikaa siku tatu dispensari. Shangazi yako alikuwa na mimba ya miezi minane, tulimwambia ni mguu tu umeteguka, asije. Siku ya tatu akafa. Misionari alisema paa. Baba yako alitoka kitandani akitetemeka kwa homa, akaniambia, "Wakija askari, aliyevaa suti ni mimi. Suti ni yangu, kila mtu anajua." Hawakuja. Lakini alikuwa tayari, na tangu siku hiyo hakucheza tena, wala hakucheka nami.

Kaka yangu alinikinga akiwa hai, nami mwezi uliopita nimemsingizia akiwa kaburini, kwa kalamu, kwa binti yake. Rudisha picha yake ukutani.

Nilitaka kumwambia Adelina mwaka wa kwanza. Akajifungua. Mwaka wa pili akanipikia, akasema mimi ndiye mwanamume aliyembakia. Baada ya hapo kila sahani ilinifunga mdomo zaidi.

Fanya unavyotaka. Ila nakuomba, asisikie kwa simu.

Sixte

Hallonbergen, 8 Julai 2007

Baba mdogo,

Heshima hajarudi na wewe umenyamaza. Nimeambiwa anaumwa Bujumbura. Sijui kama ulinijibu. Hii nampa msafiri mwingine.

Tarehe 30 imepita. Watu zaidi ya mia walikuja. Tulionyesha ile sita, wazee wa Uvira walitaja kila uso kwenye ua, mama mmoja alimwona dada yake aliyefariki. Walicheka sana. Josiane aliketi mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya, kila Gédéon alipopita anainuka kidogo kitini.

Taa zilipowashwa alinifuata jikoni nilikokuwa naosha vikombe.

"Eve alisema mikanda ni saba."

"Mmoja umeharibika," nikamwambia.

"Umeharibika, au unanificha?"

"Umeharibika, dada."

Alichukua kitambaa akakausha vikombe vyote, kimoja kimoja, hakunitazama hata mara moja. Tangu siku hiyo nikimpigia simu hapokei.

Nimesema uongo kwa ajili ya baba yangu au kwa ajili yako, sijui. Kama una neno, ni sasa.

Célestine

Hallonbergen, 2 Septemba 2007

Baba mdogo Sixte,

Barua yako ya Juni nimeipata Agosti 21. Heshima amekonda lakini anatembea.

Niliisoma mara tatu. Nilitaka kukuchukia, na siku kadhaa nilikuchukia. Picha ya baba nimeirudisha. Nilisimama mbele yake nikamwomba msamaha kwa sauti, na Eve alikuwa mlangoni, akaniuliza kwa Kiswidi ninaongea na nani.

Jumamosi ya tarehe 25 nilichukua diski na barua zako zote nikaenda Hagsätra. Josiane alinifungulia lakini hakunikaribisha kuketi. Nikamwambia nimemdanganya, na kwamba atakachokiona kitamwumiza, na kwamba kuna barua ya kusoma kwanza. Akasema, "Uso kwanza."

Tukaweka. Gédéon alipoingia alinishika mkono. "Simamisha." Nikasimamisha. Alisogea mpaka karibu na kioo, akakaa sakafuni. Sijui ni muda gani. Alimwambia, "Jambo, Papa." Halafu akaniambia niendelee, nami nikaendelea, na mwisho hakulia. Alisoma barua yako amesimama.

"Kwa hiyo hakuwa juu ya paa," akasema. "Miaka sita nimesimama mbele ya watu nikitoa ushuhuda wa paa."

Baada ya hapo alisema maneno ambayo sitayaandika. Lakini moja amenituma nikuandikie kama alivyolisema: "Mwambie Mjomba nitafika Uvira tarehe 18 Desemba. Amwambie mama yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Nikifika nikakuta hajui, nitamwambia mimi, uani, mbele ya majirani."

Kanisani hajaja tangu hapo. Basi lake bado analiendesha. Mimi ananijibu simu sasa, maneno mawili matatu. Nakuombea. Sijui nakuombea nini, lakini nakuombea.

Célestine

Uvira, 20 Januari 2008

Mwanangu Célestine,

Nakusalimu wewe na Eve. Mwaka mpya uwe wa heri kwenu. Mimi sasa nakaa Kalundu, chumba nyuma ya nyumba ya shemasi Sébastien. Heshima akija mwelekeze huko.

Nilichelewesha mpaka mwisho. Oktoba ilipita, Novemba ikapita. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi alinipa chai. Tarehe 17 Desemba, kesho yake Josiane anafika, nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia yote, tangu suti mpaka teke. Nikamwambia na neno "bado". Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, akayamwaga maharage kwenye sufuria, akaosha mikono. Akasema, "Ondoka kwangu, Sixte." Nikaondoka na nguo nilizovaa.

Josiane alifika. Sikwenda kumpokea. Siku ya nne alikuja Kalundu mwenyewe, amebeba kompyuta yake, mashine ndogo ya kukunja. Hakunisalimu. Akasema, "Mama anataka kuiona filamu, na anataka uwepo."

Tuliketi watatu sebuleni. Gédéon alipotokea, dada yangu alifunika mdomo kwa khanga. Alimtazama kama anayehesabu meno yake. Ilipofika kwenye ngazi Josiane akanyoosha kidole azime. "Acha," akasema Adelina. Akatazama mpaka giza.

Kisha akanigeukia. "Siku tatu za dispensari ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Alisema nini?"

Célestine, jambo hili hata wewe sikukuandikia. Siku ya pili Gédéon alipata fahamu. Alinitazama, na alijua ni mimi, kwa sababu kutoka juu alikuwa ananiona vizuri. Akaniita karibu, akasema, "Mwambie Adelina niliteleza." Hiyo tu. Misionari alipoleta neno la paa, nililinyamazia hili, maana Adelina angeuliza kwa nini hatukumwita wakati mumewe bado anasema.

Nikamwambia dada yangu. Nilidhani atanipiga, au atalia. Akasema polepole sana, "Alinitumia salamu."

Josiane akaifunga ile mashine.

"Mume wangu alinitumia neno la mwisho," akasema, "nawe umelikalia miaka thelathini na mitatu ukila ugali wangu. Teke lilikuwa la dakika moja, Sixte. Hili umelifanya kila siku."

Josiane aliondoka wiki iliyopita. Alipita Kalundu kuaga, akanipa mkono. Picha ya uso wa baba yake iko sasa kwa mama yake, kubwa, kwenye fremu.

Jumapili baada ya ibada Adelina alimtuma mtoto wa jirani aniite. Hakuniruhusu kuingia. Alitoa viti viwili nje, akaketi, akasema, "Siku ya kwanza. Kula alikula?" Nikamwambia alikunywa maji tu, kijiko kwa kijiko, na kwamba alikataa kufunikwa miguu. Akauliza blanketi lilikuwa rangi gani. Nikasema kijivu. Akauliza nani alimfumba macho. Nilipomaliza alichukua viti vyake akaingia ndani.

Jana ameniita tena.

Sixte